Waliolifagia Jiwe Jeupe

Tima Vae alijua kuna jambo kabla boti haijagusa mwamba, kwa sababu alisikia injini yake mwenyewe. Boti ya jua haina kelele ya maana, hunung'unika tu. Tangu aanze kazi ya kulinda ndege wa Jiwe Jeupe hakuwahi kuisikia akikaribia pale. Buabua wa Jiwe Jeupe walikuwa na makelele ya kumfanya mtu asahau jina lake. Leo jiwe lilikuwa kimya, na uvundo ulimpokea kabla hajaifikia ngazi.

Jiwe Jeupe si kisiwa cha kujivunia. Ni mwamba mmoja baharini ulioliwa na mawimbi kwa chini, juu umejaa kinyesi cha ndege, hauna kisima, hauna mti wa kumpa mtu kivuli. Kinachoota ni mboga-pwani tu, majani manene yenye chumvi yanayotambaa kwenye nyufa. Hajawahi kuishi mtu pale wala hakuna aliyetamani. Siku hizi lakini, kila mama wa pwani ile alilijua jiwe hilo na kuliombea dua.

Alipanda ngazi ya chuma na kutoa kichwa juu. Mboga-pwani ilikuwa imekanyagwa ikatoa maji. Kila mahali palikuwa na maganda ya mayai, na ute umekaukia kwenye mwamba, na kaa wametoka mashimoni kwa mamia kuja kula. Kwenye maganda mengine kulikuwa na vifaranga vidogo visivyo na manyoya, macho yamefumba. Katikati ya uchafu huo alikaa Lali, mdogo wake wa tumbo moja, juu ya sanduku la barafu. Alikuwa anatabasamu.

"Umechelewa, dada," alisema. "Kazi tushaimaliza."

"Kazi gani?"

"Mimi na baba za watoto wengine wa wodini. Wenzangu wamerudi bara kutafuta masanduku zaidi. Tumelifagia jiwe."

Tima akakaa palepale penye ute. Alilijua neno hilo tangu utotoni. Mama yao, na wanawake wa kijiji chao wote, waliokota mayai kwenye majiwe ya bahari kila msimu wa kutaga. Siku ya kwanza hawakuokota hata moja. Walipita na fagio za makuti wakavunja yote, mabichi na yenye damu, yaani yaliyokwisha kuanza kifaranga, kwa kuwa kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kisha walirudi nyumbani wakangoja. Ndege walitaga upya, na yai lililopatikana baada ya hapo lilikuwa bichi bila shaka. Ilikuwa akili nzuri, na kwa buabua wa zamani haikuwa na madhara makubwa.

"Usinitazame hivyo," Lali alisema. "Si wewe uliyetuambia pale hospitali? Ulisimama mbele ya watu wote ukasema dozi za mwaka zimekwisha na mayai yaliyobaki jiweni yameingia damu, hayatoi dawa. Basi tumeyaondoa. Watataga mapya, na Barke wangu atapata, na wenziwe wote watapata. Mama alikuwa akifanya hivi hivi."

"Ndege wa mama walikuwa buabua wa kawaida, Lali. Hawa si wale."

"Wana mabawa, wana midomo, wanataga. Si wale kivipi?"

Tima alinyoosha kidole juu. Juu kabisa, mahali jicho lilipofika kwa shida, ndege wote wa Jiwe Jeupe walikuwa wanazunguka pamoja. Hakuna aliyelia.

"Hawa hawatagi mara mbili," alisema. "Wanaondoka."

*

Ugonjwa wenyewe uliitwa kaba, jina walilolitoa akina mama kabla madaktari hawajapata la kwao. Ulikuja na vumbi jekundu la mwani, bahari ilipopata joto na mwani huo ukafunika ghuba hadi ghuba. Mwani ukikauka ufukweni, upepo huupeperusha. Mtu mzima hukohoa, akalaani, akaendelea na shughuli zake. Mtoto humkaba. Koo linaziba polepole, siku hadi siku, na mtoto mwenyewe anakutazama akingoja ufanye kitu, kwa kuwa wewe ni mzazi na mzazi ndiye afanyaye vitu.

Taasisi, mwajiri wa Tima, ilijaribu kwanza kutengeneza dawa ndani ya mayai ya kuku. Kuku wakafa. Ndipo mtu mmoja akauliza mbona buabua, ambao hula samaki wa maji yaleyale mekundu, hawafi. Damu yao ilikuwa na silaha. Wataalamu wakaizidisha nguvu silaha hiyo, wakaielekeza iingie kwenye yai, na ndege waliobadilishwa wakaachiwa Jiwe Jeupe, kwa kuwa hakuna paka wala panya pale. Yai moja bichi likitolewa kiini na kukuzwa kwenye mitambo lilitosha wodi nzima. Kila msimu Tima aliokota mayai machache ya mwanzo, akayaacha mengine yaanguliwe.

Lakini hakuna kitu cha bure. Kulitengeneza yai la namna hiyo kulimkausha ndege mwili. Hakuwa na la pili mpaka mwaka uzunguke. Na walikuwa na tabia nyingine, iliyowashtua hata waliowatengeneza: mayai yakikaribia kuanguliwa, hawakukaa mahali pasipo na sauti ya kifaranga. Kundi likikosa kuisikia, lilipaa kimya, likazunguka kwa muda, kisha likatawanyika kila ndege na njia yake, wala halikukusanyika tena. Kundi la majaribio lilipotea hivyo, likafutika baharini. Hili la Jiwe Jeupe ndilo lililobaki.

Yote hayo Tima alimweleza Lali akiwa anavuta nyaya, maana mikono yake haikukubali kutulia. Kwenye kibanda cha vifaa, ambacho ni sanduku la bati lililofungwa kwa boliti kwenye mwamba, kulikuwa na kipaza sauti na sauti za vifaranga za mwaka uliopita. Alikiweka katikati ya jiwe, akafungua mpaka mwisho.

Vilio vya vifaranga vikajaa hewani. Lali aliinua uso.

"Wanashuka!"

Walishuka kweli. Wa kwanza alikuwa jike mwenye samaki mdomoni, mwembamba wa fedha. Alitua mbele ya kipaza sauti, akainamisha kichwa, akangoja mdomo ufunguke. Haukufunguka. Akamweka samaki chini. Akamwokota tena, akamsogeza karibu zaidi na wavu wa kipaza sauti, akangoja. Akaja mwingine, na mwingine. Baada ya muda kulikuwa na rundo la samaki mbele ya lile boksi, wanameremeta juani, na ndege wamesimama kulizunguka, wanalia kwa sauti ya kuuliza. Sauti iliyorekodiwa iliendelea kulia vilevile. Haikumjibu mtu.

Kisha mmoja akaruka, na wote wakamfuata.

Lali alilitazama lile rundo la samaki. Akaigeuzia bahari uso.

"Nimewaua watoto wa watu," alisema.

Hasira aliyokuwa nayo Tima ilikuwa kubwa, lakini alikuwa na jambo lingine kifuani, kubwa kuliko hasira, na alilibana kwa meno.

Jambo lenyewe ni hili. Si kweli kwamba yai lenye damu halina dawa. Kifaranga anapokua ndani ya ganda, dawa yote hujikusanya kwenye kiini kinachobaki, na karibu na kuanguliwa kiini hicho huingia tumboni mwake, akakaa nacho mpaka kesho yake baada ya kuanguliwa. Mitambo haiwezi kukikuza tena. Lakini ukimfungua kifaranga aliye hai na kukitoa, mtoto mmoja atapona. Mmoja tu, ila atapona. Taasisi ilijaribu mara moja, kwa mtoto wa mlinzi wake, na mtoto yule leo anacheza mpira. Kisha wakubwa wakakaa, na Tima akiwa mmoja wa waliokaa, wakakubaliana kutolisema nje. Walisema uchungu wa mwana aujua mzazi, na mzazi akijua kila yai lina uhai wa mtoto mmoja, Jiwe Jeupe halitamaliza wiki.

Basi kina baba wale, kwa kutoambiwa, walikuwa wamekanyaga kwa miguu yao uhai wa kila mtoto wa wodi ile na wodi nyingine zote za pwani, mmoja baada ya mwingine, wakidhani wanafagia takataka.

*

Simu ya Lali ililia. Alikuwa Sitiri, mkewe, yuko hospitali bara. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza huku amemlaza mtoto kifuani.

"Mmefika wapi?"

"Tunajitahidi, mama Barke."

"Kucha zake zimekuwa buluu. Daktari amekuja, amemtazama, hakusema kitu. Amenishika bega tu akaondoka. Mbona amenishika bega, Lali?"

Lali aliikata simu. Tima naye aliondoka, akateremka upande wa bahari wazi, mahali mwamba umening'inia na wafagiaji wasingethubutu kushuka. Alikwenda kwa magoti, akifunua mboga-pwani shada kwa shada. Sijui alikuwa anatafuta nini hasa. Nadhani alitaka tu kukaa mbali na uso wa mdogo wake.

Akalisikia kabla ya kuliona. Mlio mwembamba, ukikatika na kurudi. Alifunua majani, na ndani ya ufa kulikuwa na yai moja la rangi ya mchanga lenye madoa. Ganda lilikuwa limepasuka kidogo upande wa juu, na katika upenyo huo ncha ya mdomo ilikuwa inafanya kazi.

Tima alitamka jina la Mungu, akabaki amelishikilia shada la majani.

Boti ilikuwa imejaa umeme. Sanduku la barafu lilikuwa tayari. Hospitali walikuwa na daktari mmoja aliyejua namna ya kukitoa kiini. Angeondoka sasa hivi, Barke angekuwa anapumua vizuri kabla ya jua kuzama. Barke aliyemwita shangazi yake "Tati" kwa kuwa Tima lilimshinda, na jina likamkaa. Na juu, wale ndege wangezunguka mara chache zaidi, kisha kila mmoja angeshika njia yake, na mwakani pwani nzima ingezika watoto, na mwaka wa pili hivyo hivyo.

"Dada! Umepata?"

Lali alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kichwa kinaning'inia. Alikuwa amekwisha kulisikia.

"Lipo moja," Tima alisema. Hakuweza kusema lingine.

"Liko hai?"

"Linaanguliwa."

Basi Lali aliteremka pale ambapo hakuna mtu mwenye akili angeteremka, kwa vidole na magoti, mawe yakimkatika chini ya miguu. Alilipokea yai kwa viganja viwili. Alikuwa analia na kucheka.

"Hili litajibu," alisema. "Boksi halijibu, lakini huyu atajibu. Tukimpandisha juu watamsikia, sivyo? Watabaki?"

"Huenda wakabaki."

"Ewe Mola! Basi si wote niliowaua."

Alilitia yai ndani ya kofia yake, akaishika kofia kwa meno, akapanda. Tima alikuwa nyuma yake. Aliitazama ile kofia njia nzima. Ndani yake mlikuwa na pumzi za Barke, na baba yake Barke alikuwa anazipandisha juu kwenda kuwapa ndege, kwa furaha, na hajui.

*

Walilitandikia yai mboga-pwani katikati ya jiwe na kulisogezea kinasa sauti cha kibandani, kilichofungwa kwenye kipaza sauti badala ya zile sauti za mwaka uliopita. Kifaranga alimaliza kutoka wakimtazama. Alikuwa kitu cha kusikitisha, malapulapu yaliyolowa, tumbo limemvimba kwa kile kiini. Akafungua mdomo akalia, na kipaza sauti kikakipeleka kilio chake mpaka mbinguni.

Jua lilikuwa la kuua. Lali hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti na kuweka viganja chini kila upande wa kifaranga, akamfunika kwa kivuli cha mgongo wake. Shakwe wawili wala-vifaranga walikuwa wamekwisha kutua karibu, wanajifanya hawana haja. Akawatisha kwa mateke bila kunyanyua mikono.

Ndege wa kwanza alishuka. Akalia, na kifaranga akamjibu. Akalia tena kwa namna nyingine, na kifaranga akamjibu kwa namna hiyo. Yule ndege akatulia, akakunja mabawa. Kisha wakashuka wengine, kumi, mia, jiwe likaanza kubadilika rangi. Na makelele yakarudi.

"Wanatua, dada. Unaona? Wanatua!"

"Naona."

"Sasa tazama watakavyotaga."

"Lali, nimekwambia hawa..."

"Umeniambia. Hayo ni ya vitabu. Ndege akitua hutaga. Mama hakusoma, lakini hakuwahi kurudi na kikapu kitupu." Jasho lilimtiririka mpaka ncha ya pua, na alijikunja ili lisimdondokee kifaranga. "Barke atapata la kwanza. Halafu wenziwe."

Simu yake ililia tena mfukoni. Hakuweza kuitoa bila kuondoa kivuli, basi Tima ndiye aliyeichomoa, akaenda nayo kando ya kibanda mahali makelele yalipopungua.

"Wifi?" Sitiri alisema. "Ni wewe? Afadhali. Lali hasemi kweli akiogopa, namjua. Wewe ndiye mwenye elimu ya mambo hayo. Nakuuliza kwa Mungu aliyekuumba, wifi yangu. Dawa ipo huko, au haipo?"

Kutoka aliposimama Tima aliuona mgongo wa mdogo wake. Chini ya mgongo ule palikuwa na jibu la kweli, na lilikuwa linalia.

"Haipo," alisema.

Sitiri hakupiga kelele. Tima alisikia mtu akivuta pumzi kwa shida na akatambua si Sitiri.

"Haya," Sitiri alisema mwishowe. "Mola akulipe kwa kuniambia. Basi mrudishe baba yake, wifi. Aje upesi amkute. Anamuita."

Tima alirudi, akairudisha simu mfukoni mwa Lali, akapiga magoti mkabala naye, nyuso zikakaribiana.

"Mkeo anasema uende."

"Siwezi. Nikiondoka jua litamuua huyu, na shakwe wale wanangoja. Wewe nenda."

"Nenda wewe. Barke anakuita."

Lali alimtazama. Alikuwa na macho ya mama yao, na kwa muda alionekana anasoma kitu usoni kwake. Pengine alikisoma. Lakini mtu akiwa na tumaini moja tu, halichunguzi sana.

"Utakaa hapa? Hutanyanyuka mpaka mama wa huyu amkubali?"

"Sitanyanyuka."

Walibadilishana taratibu, mkono kwa mkono, Tima akiingia upande huu na Lali akitoka upande ule, hata kivuli hakikukatika. Lali akaliangalia sanduku lake tupu, akaliacha, akakimbia kuelekea ngazi kwa kupita katikati ya ndege, akiruka ruka asimkanyage hata mmoja.

Sasa Tima alikuwa peke yake naye. Kifaranga alikuwa amekauka kidogo, manyoya yameanza kusimama. Tumbo lake liligusa kidole cha mwisho cha Tima, lilikuwa la moto, limejaa. Kwa mujibu wa kila alichokijua, kiini kilikuwa kizima bado. Kingekuwa kizima mpaka boti ifike bara, na hata baadaye.

Alisikia ngazi ya chuma ikigonga. Akafikiria kucha za buluu. Akafikiria "Tati".

"Lali!" aliita.

Buabua walikuwa wanalia kila upande, mamia kwa mamia, wanajibizana na boksi na kifaranga na wao kwa wao. Sauti yake haikufika hata hatua chache.

"Lali! Rudi! Dawa ipo! Lali, ni huyu, ni huyu hapa!"

Aliita mpaka koo likamkauka. Aliiona boti ikitoka chini ya ukingo, ndogo, Lali amesimama kwenye usukani na mgongo wake kwake. Alijua jambo moja kwa hakika: akisimama na kupunga mikono, Lali ataona. Kila dakika Lali alitazama nyuma, kama mtu anayeacha nyumba wazi. Ilitosha kusimama tu.

Jike mmoja alimsogelea, samaki mdomoni, shingo ndefu ya wasiwasi. Akachungulia chini ya kifua cha Tima. Kifaranga akafungua mdomo.

Lali aligeuka, akatazama jiwe, akainua mkono kumuaga dada yake.

Tima hakusimama.